Waipa Zilizovutwa kwa Kamba

Mvua ikinyesha hapa Magomeni nami nimekaa barazani, wajukuu hudhani bibi yao amezama kwenye mawazo. Hakuna mawazo yoyote. Nasikiliza waipa za magari yanayopita. Hii raba yake imekauka, inalia. Ile mota yake imechoka, inakwenda kwa kuvuta pumzi. Na yule kaziwasha mapema kwenye kioo kikavu, vumbi linasagwa, kioo kinachubuka, mwenyewe hana habari. Magoti yangu yamestaafu, macho nayo yameomba ruhusa, lakini masikio ya fundi yanaendelea na kazi bila mshahara.

Ninyi vijana mnaojifunza umeme wa magari kule Gerezani mnaniita Bi. Sauda. Wa zamani waliniita Sauda Waya. Mmeniomba mara nyingi niwasimulie kazi ilikuwaje, na najua mnategemea habari za injini kubwa na malori. Leo nawasimulia waipa. Wa kucheka acheke sasa hivi amalize. Taa ikizimika utajikongoja nyuma ya mwenzio. Honi ikigoma utatoa kichwa dirishani upige kelele, na katika Dar hii hakuna atakayekushangaa. Lakini mvua ya masika ikukute bondeni Jangwani waipa zimekufa, hapo ndipo utakapomkumbuka fundi wako kwa jina lake na la baba yake.

Mimi sikuanza na umeme. Nilianza na cherehani, nikishona viti vya magari kwenye kibanda cha mabati, na jirani yangu alikuwa Mzee Shomari, fundi umeme, mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa pilipili. Siku moja akaniona nafunga mabaki ya vitambaa kwa uzi, fundo baada ya fundo, nafasi zimelingana.

"We binti, nani kakufundisha kufunga hivyo?"

"Mama. Alikuwa anafunga ukili wa mikeka."

"Basi acha hiyo sindano, njoo unifungie waya. Hawa vijana wangu wanafunga kama wanapeleka mbuzi mnadani."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi. Mpaka leo waya zangu nazifunga kwa uzi uliopakwa nta, sizungushii tepu mwanzo mpaka mwisho kama mnavyofanya. Joto la Dar linayeyusha gundi ya tepu, tepu inateleza, waya zinabaki uchi ndani ya gari la watu. Uzi wa nta hauendi popote. Na jambo jingine nililotoka nalo kwenye ushonaji: hakuna fundi nguo anayekata kitambaa sawasawa na kiuno cha mtu. Huacha kidogo cha kufungulia, maana watu hunenepa. Waya nao uache mkia. Atakayekuja kutengeneza baada yako atakuombea dua, na mara nyingi atakayekuja ni wewe mwenyewe.

Sasa nije kwenye kikombe, maana bila kikombe hamtanielewa.

Mzee Shomari alikuwa mtu wa kahawa. Muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake, Mzee ananyoosha mkono bila kuinua kichwa, anapokea, anakiweka kikombe juu ya boneti, pale chini ya kioo cha mbele, anaendelea na kazi. Nilikuwa mgeni bado, nimepewa kufunga waipa kwa mara ya kwanza. Nikafunga mota, nikachomeka mikono ya waipa, nikaipanga imelala vizuri, inapendeza. Ilikuwa Ijumaa, mwenye gari kasimama pale na kanzu yake nyeupe, anawahi msikitini. Nikawasha.

Waipa hazikupanda juu. Zilishuka. Zikatoka kwenye kioo, zikapiga boneti, na ile ya kulia ikakichota kikombe cha Mzee ikakirusha moja kwa moja kifuani kwa yule bwana. Kahawa ya moto, na kanzu ile ilikuwa imepigwa pasi mpaka inakata. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Shomari akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Mwenye kanzu naye, Mungu amrehemu, akaishia kucheka.

Kosa langu nawaambia bure. Mota ya waipa ina mahali pake pa kulala, na wewe hupajui mpaka ikuonyeshe. Ifunge kwanza bila mikono. Iwashe, izime, iache ijisimamishe yenyewe. Ikishatulia, ndipo uchomeke mikono ikiwa imelala. Mimi nilichomeka mikono kabla ya kuiuliza mota.

Tangu siku ile Mzee akaweka sheria ya kibanda. Kila waipa ikikamilika, kikombe kilichojaa kinawekwa juu ya boneti, mahali pale pale, na fundi anawasha mbele ya watu. Kikombe kikibaki kimesimama, fundi anakunywa kahawa yake kwa heshima zote. Kikimwagika, anawanywesha kahawa wote waliopo, na waliopo siku hiyo huongezeka ghafla, hata wauza viatu kutoka upande wa pili wa barabara wanakuwa mafundi. Mzee Shomari ametutoka, lakini kikombe kipo mpaka leo. Kelvin, anayeshika meza yangu sasa, anakijua vizuri sana. Kimemlaza njaa huyo.

Basi kabla ya masika haya yaliyopita, Kelvin akanipigia simu.

"Shikamoo Bibi. Kuna mzee hapa ana gari la zamani balaa. Anataka waipa. Mimi nikilitazama naona kizunguzungu tu. Hebu njoo."

"Marahaba. Mimi nimestaafu, Kelvin."

"Ndio hivyo Bibi, lakini anakutaka wewe. Anasema wewe ulimshonea viti."

Nikavaa viatu. Ukimwambia mtu wa kazi kwamba kazi yake ya ujanani bado ipo barabarani, hata kama magoti yake yanalia atakuja.

Alikuwa Mzee Rajabu, jirani yangu wa mtaa wa tatu hapa hapa Magomeni, na gari lenyewe ni lile dogo la Kiingereza lenye mgongo wa kobe, la marehemu baba yake. Viti vyangu bado vilikuwemo. Nikavipapasa, nikajipongeza kimoyomoyo. Lakini kilichonichekesha ni kamba. Kwenye mkono wa waipa palifungwa kamba ya nailoni, ncha moja imeingia dirisha la kulia, nyingine dirisha la kushoto, zimeungana ndani ya gari mbele ya kiti cha abiria.

"Mota ilikufa zamani," Mzee Rajabu akaeleza. "Spea hakuna. Basi mvua ikinyesha mimi naendesha, Mama Halima anavuta. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Tumekwenda naye hivyo mpaka Bagamoyo."

"Madirisha wazi kwenye mvua?"

"Tunafika tumelowa wote wawili," akasema, na uso wake ukawa wa kijana aliyeoa jana.

Mama Halima ndiye Bi. Mwanaidi, mkewe. Mtaani kwao walikuwa wanajulikana kwa kamba ile. Mvua ikianza, watoto walikuwa wanatoka kuwaangalia wakipita. Na walikuwa na utaratibu wao: wakifika, Mzee hazimi gari mpaka mkewe azivute waipa zilale chini kabisa, aseme, "Zimelala." Ndipo Mzee anageuza ufunguo.

Lakini mwaka uliopita Bi. Mwanaidi alipata kiharusi. Mungu alimrudishia ulimi wote, na miguu akamrudishia. Mkono wa kushoto haukurudi. Kamba ile inataka mikono miwili. Gari likaegeshwa uani, kuku wakaligeuza nyumba. Sasa mjukuu wao Nasra anaolewa, na Nasra alikwishawaambia watu wote kwamba yeye hatapanda gari lolote lenye maua ya plastiki. Atatolewa kwa gari la babu, bibi akiwa amekaa mbele kama siku zote. Na harusi imepangwa katikati ya masika.

"Nifungie waipa za umeme, Bi. Sauda," Mzee akasema. "Iwe kwa harusi ya Nasra tu, basi. Halafu hata nikiwarudishia kuku nyumba yao sawa."

Nikaenda kwao kumjulia hali Bi. Mwanaidi, na nikamkuta mkali.

"Nyie fungeni tu umeme wenu," akaniambia. "Mimi nitapanda basi na akina mama wenzangu."

"Nasra kasema ukae mbele."

"Nikae mbele nifanye nini? Zamani nilikuwa natazama barabara, navuta, namwambia Baba Halima polepole kuna shimo. Sasa nikawekwe pale kama mtungi, watu wanitazame mkono? Sitaki, Sauda. Usinibembeleze."

Sikumbembeleza. Nilirudi nyumbani nimechukia, sijui namchukia nani. Mzee Rajabu aliniagiza waipa, nami nilijua nikimfungia waipa tu, harusi itakuwa na gari na haitakuwa na bibi. Na Nasra alilelewa na bibi huyo.

Tuache huzuni, twende kwenye gari. Sikilizeni hapa wenye masikio. Magari mnayoyajua ninyi, waya hasi wa betri umefungwa kwenye bodi, na bodi nzima ndiyo arthi, njia ya umeme kurudi nyumbani. Haya ya kale mengine yamefungwa kinyume: chanya ndiyo iliyoshika bodi. Ukilivamia kwa mazoea utaunguza kitu kabla hujamaliza bismillahi. Kwa hiyo gari lolote geni, kabla ya testa, kabla ya bisibisi, fungua utazame betri. Mzee Shomari alikuwa anasema, mgeni mwulize kwanza anakula nini ndipo umpikie.

Kwa gari kama hilo usichukue mota inayotumia mwili wake kama arthi. Tafuta yenye waya zake zote, isiyoitegemea bodi. Nilizunguka maduka ya spea za mtumba Gerezani nzima, na Mangi mmoja mwenye duka akaniletea mota ya gari dogo la Kijapani. Niliijaribu pale pale kwenye betri yake, nikaisikiliza, inanong'ona vizuri. Mimi na Kelvin tukakata bati la kuishikilia, tukaweka vipande vya mpira wa tairi chini yake isitetemeshe dashibodi, waya nikazifunga mwenyewe kwa uzi wa nta. Kelvin akazipiga picha na simu yake.

"Bibi, hii ni kazi au kusuka nywele?"

"Yote mawili. Shika taa."

Ikabaki swichi. Kelvin akataka kuiweka kwenye usukani kama magari ya leo, kikonyo kizuri cha plastiki. Nikamwambia asubiri. Nilikuwa namfikiria Bi. Mwanaidi na ule mtungi. Nikaenda kwenye boksi langu la vitu vya zamani, nikatoa swichi ya kuvuta, zile za kichwa cha mviringo, unavuta inawaka, unasukuma inazima. Nikatoboa dashibodi. Nikaifunga upande wa kushoto, mbele ya kiti cha abiria, mahali mkono wa kulia wa mtu aliyekaa pale utakapofika bila kujinyoosha.

Kelvin akainama, akatazama, akakuna kichwa.

"Bibi, samahani. Hapo umechemka. Dereva anakaa huku."

"Najua dereva anakaa wapi."

"Sasa dereva ataziwashaje?"

"Ataomba."

Akapiga paja lake. "Aah! Bibi, umetisha!"

Siku ya kikombe nilimwambia Mzee Rajabu amlete mkewe kwa namna yoyote. Sijui alimwambia nini, lakini alimleta, kanuna, kajifunga khanga mpaka puani. Kahawa ikaja. Kikombe kikawekwa. Watu wa Gerezani wakajaa, na kila mmoja ana kiu. Nikamkalisha Bi. Mwanaidi kwenye kiti chake, nikamwonyesha ile swichi.

"Hii ya nani?"

"Yako."

"Ya Baba Halima iko wapi?"

"Hana."

Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akaitazama swichi. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akavuta.

Waipa zikapanda. Zikashuka, zikapanda, laini kabisa, kikombe hakikutikisika. Watu wakaguna kwa masikitiko ya kahawa yao. Nami nikavimba kichwa. "Sasa sukuma," nikasema.

Akasukuma. Waipa zikafa pale pale, katikati ya kioo, zimesimama wima kama wanafunzi walioitwa mbele na mwalimu.

Wanangu, baada ya miaka yote hiyo! Waipa ukiikata umeme wote, inasimama popote ilipo. Ina waya wake wa kurudi kulala, na waya huo lazima uwe na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, ili mota ijifikishe yenyewe chini. Mimi niliufunga waya ule upande wa pili wa swichi, ukafa pamoja na wenzake. Kichwa changu kilikuwa kimegeuza chanya na hasi tangu asubuhi, basi kikageuza na kisichohitaji kugeuzwa.

Kelvin akainama chini kuficha uso. Watu wakaanza kudai kahawa kwa sauti, wakibishana kama sheria ya kikombe inahusu kumwagika tu au aibu yoyote. Kisha nikasikia kicheko kutoka ndani ya gari. Bi. Mwanaidi. Khanga imemwanguka mabegani, machozi yanamtoka.

"Sauda! Mimi na kikamba changu sijawahi kuziacha zimesimama hivyo hata siku moja!"

"Tunajua, bibie."

"Mwenye umeme kashindwa na mwenye kamba!"

"Nimeshindwa. Nionyeshe zilale wapi."

Akanionyesha. Akanieleza na mengine: kwamba ya kulia huwa nzito kwenye kona ya juu kwa sababu kipini chake cha kuzungukia kimepinda tangu enzi za baba mkwe, kwamba mvua ya upepo wa baharini inataka haraka na manyunyu yanataka uvute mara moja uache. Alikuwa anaongea haraka, mkono wake mzima unachora hewani. Nikahamisha waya. Nikapaka grisi kile kipini. Akavuta, akasukuma, zikashuka zenyewe taratibu mpaka chini, kikombe kimesimama. Kwa sheria yetu kahawa ni ya fundi. Nikamkabidhi yeye, na hakuna aliyebisha.

Siku ya harusi mvua ilianza asubuhi na haikuona haya. Nilipanda nyuma pamoja na Nasra, nikisema nakwenda kuangalia mota, lakini ukweli sikutaka kukosa. Nasra kashika nguo zake zisiguse sakafu, mimi nimeshika mwavuli na moyo wangu. Nyumba ya bwana harusi ni ghorofani kule Mchafukoge, kwa hiyo hatuna ujanja, Jangwani lazima tupite.

Tulipoondoka ilikuwa imepungua ikawa manyunyu, Bi. Mwanaidi anavuta mara moja anaacha, lakini tulipokuwa tunateremka bondeni mvua ikaongezeka mpaka barabara ikapotea. Magari mengine yakasimama pembeni. Mzee Rajabu akakaza usukani, na kwa mazoea ya maisha yake yote, bila kumgeukia mkewe, akaita:

"Mama Halima, vuta!"

Akavuta. Kioo kikafunguka mbele yetu, daraja likaonekana, maji yakiwa bado chini yake.

"Polepole, kuna shimo kulia," Bi. Mwanaidi akasema.

"Naliona."

"Hulioni. Kaa kushoto."

Nasra akanibana mkono kwa nguvu. Alikuwa analia na kucheka, wanja unamshuka, na safari hii hakuna aliyekuwa amelowa maji ya dirishani.

Kumbukeni siku mtakapofunga kitu kwenye gari la mtu: magari ya leo yana jicho kwenye kioo, tone likianguka yanajiwashia waipa yenyewe, na ni kazi nzuri, jifunzeni. Lakini muulizeni mwenye gari anakaa na nani.

Tulipofika Mchafukoge vigelegele vilikuwa vimeshaanza ngazini. Miavuli ikaja mbio, mtu akashika mlango aufungue. Mzee Rajabu akamwinulia kiganja asubiri. Injini inanguruma, ngoma inapigwa, shangazi wa bwana harusi anauliza kwa sauti kuna nini, na yeye katulia tu, mkono juu ya ufunguo, anamtazama mkewe.

Bi. Mwanaidi akasukuma swichi. Waipa zikapanda mara moja ya mwisho, zikashuka, zikatulia chini ya kioo.

"Zimelala, Baba Halima."

Ndipo akazima gari.